Sumu ya Mshale na Pampu ya Moyo

Katika nyika za Tanzania ya kati huota kichaka ambacho mgeni aweza kukipita bila kukijali. Maua yake yana ncha ndefu zinazoning'inia kama nyuzi, na matunda yake yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye manyoya laini. Wataalamu wa mimea hukiita Strophanthus eminii, jina lililotokana na Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyesafiri katika nchi hizo mwaka 1890. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi katika Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, na wengine kandokando ya Ziwa Eyasi, huitumia mbegu hiyo kutengenezea sumu ya mishale iitwayo shanjo. Wanayo na sumu ya pili, panjube, itokanayo na utomvu wa mti wenye shina nene lililovimba.

Mwindaji hupaka sumu nyuma ya ncha ya chuma, kisha huifunika kwa ukanda wa ngozi, kwani mkwaruzo mdogo waweza kumwua yeye mwenyewe. Mnyama akisha kuchomwa haanguki papo hapo. Hukimbia, na mwindaji humfuata kwa nyayo zake. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa, iliyobaki huliwa. Sumu za jamii hii hupenya kwa shida kutoka tumboni kwenda katika damu, ingawa hilo si ruhusa kwa mtu yeyote kuzijaribu.

Elimu ya tiba ilikutana na sumu za aina hii kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone katika Mto Zambezi, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale iliyotokana na mmea wa ukoo huo huo. Alipopiga mswaki alionja uchungu, na alipojipima alikuta mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza sumu hiyo, na kufikia mwaka 1885 ilikuwa imeingia katika dawa za moyo.

Ilikuwa dawa, lakini hapakuwa na mtu aliyejua inafanyaje kazi. Jibu lilitoka kwa kaa.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando. Ndani ya seli mna potasiamu nyingi na sodiamu chache. Nje ni kinyume chake. Tofauti hiyo ndiyo akiba ya umeme wa mwili. Katika utando mna njia nyembamba ambazo, zikifunguka, ioni hupita zenyewe, kama maji yashukavyo mtoni, na hapo ubongo hupeleka habari na moyo hupiga. Erwin Neher na Bert Sakmann walifaulu kupima mkondo wa njia moja tu mwaka 1976. Lakini maji yakishuka, hapana budi yapandishwe tena. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, akichunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, aligundua kimeng'enya kifanyacho kazi hiyo: hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kila mzunguko. Ubongo hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kuiendesha pampu hii.

Mwaka uliofuata, mjini Vienna, Robert Post wa Marekani alimwuliza Skou kama kimeng'enya chake huzuiwa na uwabaini. Hii ni sumu ya mshale ya Afrika Mashariki, na jina lake limetoka katika Kisomali. Skou hakuwa amejaribu. Alipiga simu maabara, jaribio likafanywa, na jibu likawa ndiyo. Mwaka 1997 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia.

Basi mnyama aliyechomwa mshale hufa kwa sababu pampu imezibwa. Sodiamu hujaa ndani ya seli za moyo, na kwa hiyo kalisi nayo hushindwa kutolewa. Kalisi ndiyo ikazayo misuli. Ikizidi kidogo, moyo dhaifu hupata nguvu. Ikizidi sana, mapigo huvurugika na moyo husimama. Kati ya kidogo na sana pana nafasi nyembamba mno.

Digoksini, dawa ya hospitali itokanayo na mmea wa Ulaya, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa anayeitumia hupimwa mapigo mara kwa mara, na akianza kutapika, au kuona vitu vyote vina rangi ya manjano, yampasa kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo.