Asali ya Krismasi na Mizani ya Haki

Somo: Mambo ya Walawi 2:11–13, Mithali 11:1

Majuma haya ya kuingojea Krismasi, akina mama wa Meru na Embu wameanza kuweka akiba ya unga, mafuta, na kitu cha kutia utamu. Leo twataka kuzungumza juu ya hicho cha mwisho.

Sukari ya dukani ni mgeni kwetu. Wazee waliijua asali. Hata leo mizinga ya magogo imetundikwa mitini huko Tharaka na Mbeere, ambako mvua ni chache na migunga ni mingi. Asali haikuliwa kila siku. Ilitunzwa kibuyuni, ikatolewa wakati wa posa au kwa mgeni wa heshima, na nyingine ikageuzwa pombe ya wazee. Zilikuwako pia ndizi mbivu, ambazo mama wengi huziponda na kuzikanda pamoja na unga wa mandazi, na hapo sukari kidogo yatosha. Sukari guru, yale mabonge ya kahawia, hutoka zaidi magharibi mwa Kenya, ambako maji ya miwa huchemshwa mpaka yakakaza. Yafaa sana katika keki. (Twajua kwamba nyingine huishia katika mapipa ya chang'aa, lakini hayo ni ya siku nyingine.)

Na tuitazame asali yenyewe. Nyuki huleta maji matamu ya maua, ambayo kwa sehemu kubwa ni maji tu. Mzingani huyapitisha kinywa kwa kinywa na kuyapepea kwa mabawa mpaka yawe mazito, kisha huziba kila tundu kwa nta. Nyuki mmoja mfanyakazi, maisha yake yote, hutengeneza kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Mrina asali mwenye busara hukata masega yaliyozibwa, na yale yenye watoto wa nyuki huyaacha. Mwenye haraka hukata yote, na asali yake huchacha, kwa kuwa maji yamezidi. Kanuni za kimataifa za chakula hutaka maji yasipite asilimia 20.

Katika Walawi, Mungu aliwakataza Israeli kuteketeza chachu wala asali juu ya madhabahu. Lakini kama malimbuko, vyote viwili vilikubaliwa. Maandiko hayasemi sababu, nasi hatutabuni. Tena, neno la Kiebrania lililotafsiriwa asali laweza kuwa pia sharubati nzito ya tende, na wataalamu wengi walidhani ndiyo iliyokusudiwa mara nyingi. Ndipo mwaka 2007 ikatangazwa kwamba wachimbaji wa mambo ya kale huko Tel Rehov, Israeli, wamepata mizinga ya udongo na majani makavu, iliyopangwa safu kwa safu, yenye umri wa miaka kama 2,900. Kumbe walifuga nyuki hasa!

Sasa tuje barabarani. Sikukuu ikikaribia, chupa za asali huongezeka, na si zote zilizotoka mzingani. Mtu huchemsha sukari na maji, akaiunguza kidogo ipate rangi, akaongeza asali kijiko kimoja cha harufu. Wanunuzi hujaribu kwa kuitonesha majini, kwa njiti ya kibiriti, au kwa kuangalia kama siafu wataikimbia. Hakuna hata moja ya njia hizo iliyo ya hakika. Baya zaidi, wengi huikataa asali iliyoganda, wakisema imetiwa sukari, na hivyo humtesa mrina mwaminifu. Asali safi huganda yenyewe. Iweke chupa katika maji ya moto kiasi, nayo italegea. Ulinzi ulio bora ni kumjua aliyeirina.

Twajua muuzaji naye ana karo ya Januari. Hata hivyo Mithali haikuweka mizani moja ya mwenye shida na nyingine ya mwenye nacho. Aliyechanganya na aseme wazi kwamba amechanganya, auze kwa bei ya sukari. Na kama yeye ni mshiriki mwenzetu, wazee wa kanisa wamwendee kwa upole kabla ya sikukuu, si baada ya watu kumsema sokoni.

Kwa mwokaji: mahali pa kikombe kimoja cha sukari, tia robo tatu ya kikombe cha asali, na upunguze maziwa au maji kwa robo kikombe. Asali huwahi kuungua. Kwa hiyo keki ya sufuria, yenye makaa juu na chini, ipunguziwe makaa ya juu.

Jambo moja zito. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ndani ya uji au keki, hata ikiwa safi kuliko zote. Yaweza kubeba mbegu za kijidudu ambazo moto wa jikoni hauziui, nazo zaweza kumlegeza mtoto shingo, kumfungia choo, na kumshinda kunyonya. Ukiziona dalili hizo, mkimbize hospitalini. Na bibi anayetamani kumlambisha mjukuu siku ya Krismasi, asubiri. Mwakani atakuwa na meno ya kutafunia mandazi yenyewe.