Safari ya Bagamoyo, Mji wa Ng'ambo Yetu

Ndugu wanachama, wengi wetu tumezaliwa tukiisikia Mrima katika hadithi za wazee, na tukenda huko huwa ni Dar es Salaam tu, kwa haja ya hospitali au ya kesi. Safari hii, karafuu zilipokwisha kuanikwa na kutiwa maguniani, nilifuatana na jamaa wawili wa shamba mpaka Bagamoyo, si kwa haja yo yote ila kutembea.

Tulivuka kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha tukapanda basi kuelekea kaskazini. Tulifika adhuhuri, maji yametoka. Anayetaka kujua habari za mji ule na asimame pwani saa hiyo. Bahari huondoka mbali sana, na mashua hubaki zimelalia ubavu mchangani. Hilo halikuwa neno kubwa zamani za majahazi, pembe za ndovu zilipokuwa zikishuka kutoka Ujiji na Tabora kwa vichwa vya wapagazi ili zivushwe Unguja. Lakini meli za moshi hazikuweza kukaribia. Wadachi waliufanya mji huo makao ya serikali yao mwaka 1888, na mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam penye bandari ya kina. Biashara ikawafuata. Boma lao la mwaka 1897 lingaliko, na katika mitaa ya zamani milango ya nakshi ni kama ile ya Mji Mkongwe, ila mingine nyuma yake hapana nyumba tena.

Pale misheni, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre waliotoka Unguja, twalikuta jambo linalotuhusu. Tufani ya Aprili 1872 iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja iliyaangusha na majengo yao. Pemba ilinusurika sehemu kubwa, na ndiyo maana hata leo karafuu nyingi hutoka huko. Mapadre walijenga upya, na miti yao ya miembe ni kivuli kizuri mpaka sasa. Katika kanisa la hapo uliwekwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuuchukua kwa miguu kutoka bara ya mbali.

Asubuhi ya pili twalikwenda Kaole, kusini ya mji, mwendo wa kilomita tano hivi. Kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wasemao wataalamu ni wa karne ya 13, na makaburi yenye minara ya mawe. Hapo ndipo palipokuwa bandari kabla ya Bagamoyo. Sasa ni mikoko mitupu.

Chakula, wenzangu, sitasema mengi nisije nikawatia njaa. Nendeni pwani samaki wanapopigwa mnada, mchague changu au pweza, mpate na wali wa nazi. Kamba ni wengi. Jioni tulisikia ngoma upande wa Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambako vijana hufunzwa ngoma, maigizo na uchoraji.

Mwenye nafasi na aendelee mpaka Saadani, kaskazini ya Mto Wami, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Huko nyika huteremka mpaka ufukweni, na kasa hutaga mchangani. Twalipoona ndovu karibu na njia, jamaa yetu mmoja aliyekuwa akifanya mzaha kutwa nzima alinyamaza kimya, na hakusema neno mpaka tulipofika mtoni penye viboko.

Lakini jambo nililotaka hasa kuwaarifu lilikuwa sokoni Bagamoyo. Kwa bibi mmoja muuza viungo nilinunua kifuko cha karafuu. Nilipokimimina kiganjani niliona makonyo karibu nusu, na karafuu zenyewe nyingi hazina vichwa, nyingine nyeupe za ukungu, kama zilizofungwa hazijakauka.

Nikamwuliza, "Bibi, hizi zatoka wapi?"

"Pemba, baba. Zilizo bora."

"Zimekuja na nani?"

Akacheka. "Usiku huja na mashua. Wewe nunua tu."

Basi karafuu hizo hazikupita penye mzani wo wote, wala hakuna aliyezikagua. Aliyezivusha alipata senti zake upesi, na mpishi wa Bagamoyo anaamini hiyo ndiyo karafuu yetu. Nilimwonyesha bibi punje chache nilizokuwa nazo mfukoni, za jamvini kwangu. Alizinusa, akaivunja moja kwa ukucha, mafuta yakatoka. Aliziweka kando ya mizani yake, akaniuliza kama nitarudi lini.

Kifuko nimekileta. Nitakuja nacho katika mkutano ujao, kila mwanachama akitazame kwa macho yake.