Cahier des charges: nani aliwauliza wenye kuchota maji?

Tuseme mkutano uko chini ya mwembe, pembeni ya barabara ya Kolwezi. Gari ya kompani imefika na viti vya plastiki. Shefu ameketi mbele, pamoja na wazee wanne, mwalimu na mchungaji. Mtu wa kompani anafungua daftari: "Munahitaji nini?" Wanajibu: "Foraje. Lopitalo. Masomo. Barabara." Anaandika. Watu wanapiga makofi, wanakunywa sukre, saa sita kila mtu amerudi kwake.

Wengi wanafikiri kwamba hapo mahitaji yamekusanywa. Hapana. Hapo wamekusanya majina ya vitu. Wale waliosomea kazi hiyo katika mabanki na maofisi makubwa wanajua: mtu akikuomba kitu, muulize kwanza kitu hicho kitamfanyia kazi gani.

Na hapa kwetu neno hilo si la mchezo. Code minier ya mwaka 2002 iligeuzwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018. Tangu hapo, kompani inayochimba inapashwa kufanya cahier des charges, ni kusema mapatano ya kuandikwa kati yake na wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Tena inapashwa kutosha kila mwaka feza isiyopungua 0,3% ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya wakaaji hao. Ikiuza kwa dola milioni 100, ni dola 300 000. Mapatano kwa kawaida yanashika miaka 5. Kilichosahauliwa leo, mtoto wa darasa la kwanza atakingoja hadi la sita.

Tuchukue maji. Mbele ya kuandika "foraje", mwenye daftari atembee na mama mmoja asubuhi mapema, akiwa na bidoni yake mkononi. Mazungumzo yatakuwa karibu hivi:

— Mama, mayi munachota wapi?

— Ku mutoni, kule chini.

— Na ile foraje ya pembeni ya kanisa?

— Ilikufa mwaka ya pili. Piesi iliharibika, hakuna mutu wa kuitengeneza.

— Mbele ikufe, mulikuwa munachota pale?

— Kidogo. Mulolongo ulikuwa murefu, na mayi yake ilikuwa inaweka sombe harufu ya kutu.

Sasa hitaji limeonekana, na shimo jipya pekee halitalimaliza. Maji yapimwe kwanza. Kijana wa kijiji afundishwe kutengeneza pompi. Akiba ya piesi iwekwe, na iandikwe nani anashika ufunguo wake. Mambo hayo hayakutajwa chini ya mwembe, juu wale wanaume saba hawachote maji.

Kwa hiyo wamama waulizwe peke yao, na mwanamke mwenzao. Kijana anayechimba kwa mikono, aliyefika juzi kutoka mbali, mara nyingi hawamuite. Lakini naye anakunywa maji yale yale. Mwenye shamba la mihogo kando ya njia ya makamyo naye anajua vumbi linafika saa ngapi.

Na wewe baba unayefanya kazi ndani ya kompani? Mkutanoni unakaa kimya, unaogopa mkubwa wa kazi. Tunafahamu. Lakini vumbi linaingia mu bukari yako pia. Zungumza na mama wa nyumba siku mbili mbele, yeye apeleke neno.

Upande wa kompani vilevile, uliza mwenye daftari: "Baba, weye njo unaweka saini ya feza?" Pengine siye. Basi yule mwenye saini naye afike, asikie kwa masikio yake.

Kuna jambo lingine watu wanachanganya. Redevance minière ni mfuko mwingine: 50% inaenda kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa chefferie, sekta, komini ao muji wa mahali pa mgodi, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mukiandika ndani ya cahier masomo ambayo chefferie ingeweza kujenga kwa 15% yake, chefferie italala usingizi, na nafasi ya kitu kingine imekwisha kuliwa.

Lopitalo nayo ina hatari yake. Kujenga ni rahisi. Munganga wa usiku atalipwa na nani? Dawa zitatoka wapi? Zone de santé isipoitwa tangu mwanzo, jengo jipya litabaki na kufuli, na mwenye mimba atapanda moto usiku kama zamani.

Mbele ya kutia saini, karatasi isomwe kwa sauti chini ya mwembe ule ule, kwa Kiswahili na kwa luga ya kijiji, si kwa Kifaransa tu. Wote walioulizwa wawe pale. Yule mama wa mtoni ataamuka aulize: "Mu hii karatasi, piesi ya pompi iko wapi?" Kama msomaji hana mstari wa kumuonyesha, wino ungoje.