Mbele ya kutafuta mchawi, tuulize tansio

Mtu wa miaka 45 akianguka na kufa ghafla, kwetu kilio hakijaisha na tayari jina la mchawi limetajwa. Walimuloga. Walimutilia sumu. Ni wachache tu wanauliza: marehemu alikuwa anajua tansio yake ni ngapi?

Tunauliza hivi juu ya hesabu iliyotangazwa mwaka 2016 na hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani. Waganga walifungua fishi za wagonjwa zaidi ya 3.900 walioletwa kati ya 1995 na 2014 na krizi ya moyo, ile kubwa ambamo mshipa unaolisha moyo unaziba kabisa. Wakalinganisha wagonjwa wa miaka ya kwanza na wale wa mwisho. Wastani wa umri ulishuka toka miaka 64 mpaka 60. Wenye tansio ya juu walikuwa 55 kwa mia, wakafika 77. Wenye ugonjwa wa sukari walitoka 24 mpaka 31, na wanene kupita kiasi 31 mpaka 40. Na sigara? Inchi ile ilikuwa inaacha sigara, lakini kati ya wagonjwa hao wavutaji walipanda toka 28 mpaka 46. Hapo ndipo tulishangaa zaidi.

Umri haubadilishwi. Damu ya wazazi pia. Lakini hayo yote mengine mtu anaweza kuyagusa.

Musiseme ni magonjwa ya wazungu. Mwaka 2005, uchunguzi wa INTERHEART katika inchi 9 za Afrika kusini ya Sahara ulionyesha kwamba kwa Waafrika weusi, tansio inafungana na krizi ya moyo kuliko kwa makundi mengine.

Na tansio haiumi. Unakula makayabu yako na chumvi juu yake, kitumbo kinakua, watu wanakuita "chef", kumbe mishipa inachoka. Wengine wanapewa dawa, wakisikia nafuu wanaacha. Ile nafuu ni ya dawa, haiko kupona!

Kupimwa ni dakika chache. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa mbele, keti dakika tano bila kusema, mkono uwe sawasawa na moyo. Ikionyesha 14 kwa 9 ao zaidi, rudia siku ingine. Ikibaki vile, ona munganga. Na kifua kikibana sana, maumivu yakishuka kwenye mkono ao yakipanda kwenye taya, jasho baridi likitoka, usingoje asubuhi: hospitali, usiku uleule.