Bili ndogo inapopita bila saini

Ukiiachia programu ya ofisi iidhinishe malipo yenyewe, iangalie sharti ulivyoiandikia. Tuseme: lipa ikiwa bili iko chini ya riali 50 AU muuzaji ni wa zamani NA meneja ametia saini. Wewe ulitaka saini kila mara. Lakini programu nyingi husoma NA kabla ya AU, basi bili ya riali 40 ya mtu msiyemjua inapita bila saini, wala haigombi! Ukaguzi wake huangalia maandishi tu, nia yako haiijui. Tia mabano: (bili ndogo AU muuzaji wa zamani) NA saini. Masharti matatu yana hali 8. Zijaribu zote kwa bili za majaribio, kabla ya pesa zenyewe.