Miji Kumi na Mmoja kwa Baisikeli: Njia za Maziwa ya Friesland

Kaskazini mwa Uholanzi liko jimbo liitwalo Friesland, nchi tambarare isiyo na kilima, ambayo maji yamepita ndani yake kila upande kama ukili upitavyo katika mkeka. Kuna maziwa makubwa na madogo, na baina yao mifereji inayounganisha kijiji na kijiji, mji na mji. Mengi ya maziwa hayo hayana kina kirefu, mita moja au mbili tu katika sehemu nyingi. Baadhi yao yalipanuliwa na mikono ya wanadamu, waliochimba udongo mweusi wa mimea iliyooza, wakaukausha, wakautumia badala ya kuni.

Katika nchi hiyo ya maji, ni jambo la kawaida mtoto wa miaka kumi na miwili kutoka kijijini kwao asubuhi, yeye na wenzake, wakaenda kwa baisikeli hadi shule ya mjini, upepo ukiwapiga usoni, na mama akabaki nyumbani moyo wake umetulia. Makala haya yataeleza njia hizo zilivyo, kisha yataeleza utulivu huo ulipatikana vipi, kwani haukuja bure.

Njia mashuhuri kuliko zote ni ile ya miji kumi na mmoja. Asili yake ni safari ya kuteleza juu ya barafu, iliyoanza mwaka 1909, ambapo watu hupita miji yote kwa siku moja, mwendo wa karibu kilomita 200. Lakini safari hiyo yataka baridi kali mno, na mara ya mwisho barafu ilipotosha ilikuwa Januari 1997. Baisikeli haingoji barafu. Kila mwaka, siku ya Jumatatu ya Pentekoste, maelfu ya watu huanza safari katika mji wa Bolsward, wakazunguka miji yote, mwendo wa takriban kilomita 235, na kila mji wakigongewa muhuri katika kadi zao. Familia nyingi hazina haja ya haraka hiyo. Huigawa njia kwa siku nne au tano, wakalala njiani na kula chakula chao ukingoni mwa maji.

Anayetoka Sneek hufika IJlst baada ya mwendo mfupi tu. Hapo ataona jambo la kupendeza: nyumba ziko upande mmoja wa barabara, na bustani za nyumba hizo ziko ng'ambo, kando ya mfereji. Mbele yake ni Sloten, mji mdogo mno ambao wakaazi wake hawafiki elfu moja, ingawa tangu zama za kale una hadhi ya mji kamili. Njiani mna madaraja yanayoinuliwa ili mashua zipite. Zamani, na mahali pengine hata leo, mlinzi wa daraja humteremshia nahodha kiatu cha mti, mfano wa mtawanda wetu, kilichofungwa kwenye mshipi wa kuvulia samaki, nahodha akatia humo sarafu za ushuru. Kwengineko mambo yamegeuzwa: mfereji umepitishwa juu na barabara ikapita chini yake, hata msafiri akaona tanga la mashua likikata juu ya magari.

Kisha njia hufika Stavoren, penye sanamu ya mwanamke anayetazama majini. Hikaya yasema alikuwa mfanyabiashara tajiri, akamwamuru nahodha wake amletee kitu chenye thamani kuliko vyote duniani. Nahodha akazunguka, kisha akarudi na shehena ya ngano. Bibi akaghadhibika, akaamuru nafaka yote imwagwe baharini. Alipoonywa kwamba huenda siku moja akafukarika, alivua pete yake, akaitupa majini, akasema kuwa yeye hatafukarika mpaka pete ile imrudie. Siku si nyingi, mpishi wake alipasua samaki, akaikuta pete. Mali yake ikapotea, na mchanga ukaziba mlango wa bandari. Kisa hiki mama yeyote wa Pwani angeweza kuwahadithia wanawe jioni, nao wasijue kuwa kimetoka mbali.

Hindeloopen unafuatia, nao una uhusiano wa kweli na bahari yetu. Mabaharia wake walitajirika kwa biashara, na wanawake wake wakavaa nguo za pamba zenye maua, zilizotiwa rangi na mafundi wa India na kuletwa Ulaya na majahazi ya Uholanzi. Pamba ya India imevaliwa Pwani yetu kwa karne nyingi. Kwa hivyo bibi wa Hindeloopen na bibi wa Lamu, ambao hawakupata kuonana, walivaa kazi ya mikono ya nchi moja.

Mji wa Franeker una kisa cha elimu. Mwaka 1774 watu waliingiwa na khofu, kwa sababu kitabu kimoja kilidai kuwa kukaribiana kwa mwezi na Utaridi, Zuhura, Marihi na Mushtarii kungeleta maangamizi. Eise Eisinga, mchanaji wa sufi, alianza kutengeneza katika dari ya sebule yake mfano wa sayari zikilizunguka jua, kwa magurudumu ya mbao yenye meno ya misumari. Akaumaliza mwaka 1781, na hadi leo mfano huo unakwenda kwa kasi ya mbingu zenyewe. Zohali yake huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja.

Ama mgeni huenda vipi bila kupotea katika mtandao huo wa maji? Hekima yake ni nyepesi. Kila njia za baisikeli zinapokutana pamewekwa nguzo yenye nambari, na pahala hapo pana ramani. Msafiri huandika nambari zake katika kipande cha karatasi, kwa mfano 12, 47, 33, kisha hufuata mishale kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mpango huu ulianzia jimbo la Limburg, Ubelgiji, katika miaka ya 1990, ukaenea Uholanzi nzima. Mtoto ajuaye kusoma nambari aweza kuiongoza familia yake. Adui aliyebaki ni upepo, ambao katika nchi isiyo na vilima ndio mlima wenyewe. Kwa hivyo wenye uzoefu huanza safari kwa kuukabili, ili uwasukume wakati wa kurudi wamechoka.

Sasa turudi kwenye utulivu wa yule mama. Katika miaka ya 1950 na 1960 magari yaliongezeka Uholanzi, barabara zikapanuliwa kwa ajili yake, na baisikeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 pekee, zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake, aliandika makala ya uchungu, na kutokana nayo likazuka vuguvugu lililoitwa kwa maneno makali: Komesheni Mauaji ya Watoto. Wazazi, wengi wao kina mama, walitoka, wakafunga barabara, wakawafuata wakubwa na kudai njia salama. Mwezi wa Novemba 1973, mafuta yalipoadimika, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao barabara zinavyokuwa watoto wakizipata. Njia zilizotengwa zilijengwa polepole, miaka kwa miaka.

Wala hawakuishia kujenga. Watoto wengi wa shule ya msingi hufanya mtihani wa barabarani juu ya baisikeli kabla ya kwenda sekondari. Na kwa kuwa njia nyingi zapakana na mfereji, wazazi huwapeleka watoto kujifunza kuogelea, na katika mtihani wake mtoto huogelea akiwa amevaa nguo zake, maana anayetumbukia hapati nafasi ya kuzivua.

Kuna jambo moja zaidi liwahusulo wasomaji wetu wanawake. Katika miji ya Uholanzi yako madarasa ya baisikeli kwa wanawake waliohamia huko, wakiwemo wengi kutoka Morocco na Uturuki. Huanza uwanjani, mwalimu ameshika kiti, kisha hutoka barabarani. Mama anayejua kuendesha hamsubiri mtu wa kumpeleka sokoni, hospitalini wala kumchukua mtoto shuleni.

Pwani yetu ni tambarare vile vile, ina hori na mito, na watoto wanaokwenda shule na chuoni kando ya barabara za malori. Si lazima tuwe na miji kumi na mmoja. Tunaweza kuanza na barabara moja, ile wapitayo wanetu asubuhi. Wazazi wa mtaa wakutane, wahesabu watoto wangapi hupita hapo na ni mahali gani huvukia, kisha wampelekee mwakilishi wao wa wadi na serikali ya kaunti ombi lenye hesabu hiyo, wakidai ukanda wa watembeao kwa miguu na wa baisikeli, na matuta mbele ya shule. Wakinyamaziwa, warudi tena. Wale wa Uholanzi nao hawakusikilizwa siku ya kwanza.