Mtibwa ni ya Mvomero, Mbona Mlali Inashabikia Kariakoo?

Wilaya ya Mvomero ina timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, kisha ikabeba Kombe la Shirikisho 2018 kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Ni Mtibwa Sugar, Wakata Miwa wa Turiani. Lakini ukifika Mlali, kata ya wilaya hiyohiyo chini ya milima ya Uluguru, ubishi wa vijiweni ni uleule wa nchi nzima: Simba na Yanga, vigogo wa Kariakoo, Dar es Salaam.

Wapo wanaowalaumu wananchi kwamba hawathamini cha nyumbani. Lawama hiyo haiwatendei haki.

Tuanze na ramani. Mtu wa Mlali anayetaka kuiona Mtibwa kwenye Uwanja wa Manungu ashuke kwanza Sangasanga, aingie Morogoro mjini, ashike barabara ya Dodoma mpaka Magole wilayani Kilosa, ndipo akate kulia kwenda Turiani. Ni zaidi ya kilomita 100 kwa safari ya kwenda tu. Kwa mkulima wa nyanya, hiyo ni siku nzima bila shamba, pamoja na nauli na chakula. Kiingilio ndicho gharama ndogo kuliko zote. Na mechi hiyohiyo inaonyeshwa kwenye kibanda umiza. Mkataba wa Azam Media na TFF uliosainiwa 2021, wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, umezipa klabu pumzi ya kifedha, lakini umempa pia shabiki wa mbali sababu ya kubaki kijijini.

Halafu kuna suala la nani alitangulia. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Mtibwa ilipozaliwa 1988, babu na baba walikwishachagua upande, na matawi ya vigogo hao yalikwishaota mizizi mikoani. Hata Marekani, kwenye mchezo wa besiboli, yametokea kama haya. Tampa Bay Rays walianza kucheza ligi kuu 1998 huko Florida, ambako wakazi wengi walikuwa tayari na timu za miji waliyotoka. Uwanja wao uko St. Petersburg, wakati mashabiki wengi wako Tampa, ng'ambo ya ghuba, na kuufikia ni kuvuka madaraja yenye foleni. Timu ilishinda mechi nyingi, majukwaa yakabaki matupu, na Machi 2025 mpango wa kujenga uwanja mpya ukavunjika.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, na Morogoro inaijua vizuri. Mkoa huu ulitoa bingwa wa nchi 1975, Mseto. Ukawa na Reli, timu ya wafanyakazi wa reli, na Tumbaku, iliyobeba jina la zao lililoajiri wengi mjini. Timu za namna hii, kama Mtibwa yenyewe ya kiwanda cha sukari, zililelewa na mashirika. Shirika liliponawiri, timu ilikula. Lilipoyumba, timu ililala njaa, kwa kuwa hapakuwa na wanachama wa kuibeba. Mwenye timu asiyetegemea kiingilio hana haraka ya kumtafuta shabiki.

Ndiyo maana uwanja peke yake hautibu ugonjwa huu wa timu kukosa watu wake. Viwanja vingi vya mikoani, ukiwamo Jamhuri wa Morogoro, vilijengwa enzi za chama kimoja na vimebaki mikononi mwa CCM, hivyo klabu ni wapangaji. Klabu ya Azam ilijenga wenyewe Chamazi, Dar es Salaam, uwanja wa watu wapatao 10,000, na ikawa bingwa 2013/14 bila kupoteza mechi. Hata hivyo, siku ya kujaa Chamazi mara nyingi ni siku wanayokuja Simba au Yanga. Na vigogo hao, pamoja na mamilioni ya mashabiki, hawana uwanja wao wa kuchezea ligi. Mmoja ana uwanja lakini anatafuta watu, wengine wana watu lakini wanatafuta uwanja. Wote wanahitaji kitu kilekile: mwanachama anayelipa ada yake kila mwaka, anayejua fedha hiyo imefanya nini.

Tazama mechi za ndondo vijijini. Hakuna jukwaa wala kiti, zawadi huenda ni mbuzi, na bado watu huzunguka uwanja mzima. Wanakuja kwa sababu beki ni mtoto wa jirani na kocha ni mwalimu wa mwanao. Timu ni yao.

Mtibwa inaweza kuanzia hapo. Icheze mechi za maandalizi ya msimu Mlali, Mzumbe na Mgeta. Ifungue matawi na kuuza kadi kwa bei ambayo muuza mboga anaimudu. Itafute vipaji kwenye shule za Uluguru, ili kila kata iwe na kijana wa kumfuata. Siku ya mechi kubwa ipange mabasi kutoka Sangasanga, nauli na kiingilio kwenye tiketi moja. Hayo yote ni nafuu kuliko kumwaga zege, na ndiyo yatakayoonyesha kama zege hilo litapata wa kulikalia. Halmashauri na wawekezaji wanaoota viwanja vipya waanze kwa kuhesabu kadi za wanachama.